Tunda la Zambarau, Mzizi wa Njano

Huku milimani mvua zimeanza na kila mtu ameshika jembe lake.

Leo hatutazungumza juu ya kahawa wala chai. Twataka kuzungumza juu ya pasheni, ile inayoitwa karakara katika vitabu vya shule, na ambayo huku kwetu watu wengi huiita "matunda" tu, kana kwamba hakuna tunda jingine duniani. Wala hatusemi juu ya shamba kubwa la kuuza kwa magunia. Twasema juu ya mimea miwili au mitatu nyuma ya jikoni, ya kumpa mtoto kitu cha kunyonya akitoka shule, na ya kumkaribisha mgeni kwa gilasi ya maji ya matunda ambayo hayakununuliwa.

Kwanza tueleze deni letu, kwa maana ndilo lililotufundisha haya yote.

Tulipohamishiwa parishi hii mwaka 2021, tulikuta nyuma ya nyumba ya kasisi mimea miwili ya pasheni ya zambarau. Ilikuwa imefunika ua wote, na watoto walikuwa wakiokota matunda chini yake kabla ya chai ya asubuhi. Tukaona si haki kula peke yetu. Tukachukua mbegu za matunda yale, tukajaza makopo udongo wa bustani ile ile, tukaotesha miche, na siku ya Ibada ya Mavuno tukagawa miche 40, kila nyumba mche mmoja. Watu wakapiga makofi. Twakiri kwamba makofi yale tuliyapenda.

Mwaka uliofuata, mmea mmoja kati ya ile miwili ukaanza kulegea majani wakati wa adhuhuri. Tukadhani ni jua, tukaumwagia maji. Jioni ukainuka kidogo. Kesho yake ukalegea zaidi. Na kabla ya majuma mawili kwisha ulikuwa umekauka wote, matunda mabichi yangali yananing'inia juu yake. Wa pili ukafuata. Tukasikitika, tukang'oa, tukasahau. Lakini mwaka 2023 watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na habari ile ile.

Aliyetuchoma moyo ni mama mmoja mzee, mjane. Mavuno ya kwanza ya mche wake yalikuwa yamenunua shati la shule la mjukuu, na ya pili aliyategemea kwa viatu. Alisimama mlangoni, akakataa kuingia, akasema, "Mchungaji, ule mche wenu umekufa, na maboga yangu yaliyo kando yake yako salama. Ni kwa nini?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu tulilompa. Tulimwambia labda ni jua.

Jibu la kweli tulilipata baadaye, afisa wa kilimo alipokubali kupita bustanini. Alichukua shina moja lililokauka, akalipasua kwa urefu karibu na ardhi, akatuonyesha. Ndani, mahali ambapo pangekuwa peupe, palikuwa na mistari ya rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo mishipa ya mmea, ambayo maji hupitia kutoka mizizini kwenda majanini. Kuna kuvu aina ya fusari anayeishi udongoni. Huingia kwa mizizi, hasa ikiwa imejeruhiwa kwa jembe au kwa minyoo midogo ya udongo, kisha hujaa ndani ya mishipa hiyo mpaka maji yasipite. Ndiyo maana mmea hunyauka hata ukiwa umesimama katika matope. Kumwagia maji ni sawa na kumlisha mtu aliyekabwa koo.

Na maboga? Kuvu huyo ana namna zake nyingi, kila moja na mmea wake. Namna hii hushambulia jamii ya pasheni, maboga haiyagusi. Yule mama alikuwa ameona jambo ambalo sisi, pamoja na masomo yetu yote ya chuo, hatukulitazama.

Ugonjwa huu hauna dawa mmea ukishaupata. Kuvu akishaingia mahali, hukaa udongoni miaka mingi akingoja, hata kama hakuna pasheni iliyopandwa. Naye husafiri kwa udongo: kwenye jembe, kwenye viatu, na ndani ya kopo la mche. Sasa, msikilizaji, rudi kwenye yale makopo 40 tuliyojaza udongo wa bustani yetu. Siku ile tulidhani tunagawa chakula.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu dawa ya jambo hili imo katika ukoo wa mmea wenyewe. Pasheni asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Brazili na nchi jirani. Hapa Kenya kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1933, na tangu hapo magonjwa yamefuta mashamba mengi. Ziko aina mbili zinazojulikana sana. Ya zambarau ndiyo tamu, yenye harufu, nayo hupenda nchi ya baridi kiasi, tuseme kati ya mita 1,200 na 2,000 juu ya bahari. Ya njano hupenda joto la pwani. Tunda lake ni kubwa zaidi na maji yake ni makali. Mtu wa milimani akionja ile ya Mombasa bila sukari hukunja uso. Lakini ile ya njano ina nguvu moja: mizizi yake humvumilia yule kuvu.

Basi wakulima wakafikiri hivi: tuchukue mizizi ya njano, tuweke juu yake kichwa cha zambarau. Ndiko kupandikiza. Neno hili nyote mmelisikia kanisani, habari za mzeituni katika Waraka kwa Warumi, na wengi wetu tumelihubiri miaka mingi bila kushika kisu. Tofauti ni kwamba Mtume anasema juu ya tawi la mwitu kutiwa katika mzeituni mwema, hali mkulima wa pasheni huweka lililo tamu juu ya lile gumu; na Mtume mwenyewe ameandika kwamba jambo lile ni kinyume cha desturi.

Namna ya kufanya ni hii. Tafuta pasheni ya njano iliyoiva. Ukiwa na ndugu pwani, mwagize. Watafiti wa Thika pia wamechagua aina za njano zinazoweza kukua huku juu, ziitwazo KPF 4, KPF 11 na KPF 12. Toa mbegu pamoja na maji yake, ziache katika bakuli siku mbili au tatu mpaka ule ute ulegee, uzioshe na kuzianika kivulini. Usizihifadhi muda mrefu. Mbegu mbichi huota baada ya majuma mawili hadi manne, zilizokaa huchelewa na nyingine hazioti. Udongo wa kuoteshea utoe mahali ambapo pasheni haijawahi kupandwa. Sisi twautoa katika shamba la mahindi la jirani, na twamlipa kwa miche.

Kwa baridi ya huku, mche huchukua miezi mitatu au minne kufikia unene wa penseli. Hapo ndipo hukatwa, kiasi cha futi moja kutoka ardhini. Usikate chini zaidi, na sababu yake tutaieleza. Kisha nenda kwenye mmea wa zambarau ulio mzima, unaozaa vizuri, ukate kitawi chenye unene ule ule, urefu wa inchi nne hadi sita, chenye macho mawili au matatu. Ondoa majani yake. Chonga mwisho wake wa chini pande mbili uwe kama kabari, pasua kichwa cha mche wa njano katikati kwa kina cha kabari hiyo, ingiza. Ganda la huku na ganda la kule lazima vikutane, angalau upande mmoja, kwa kuwa uhai wa mmea hupita chini tu ya ganda. Funga kwa utepe mwembamba wa nailoni, kaza bila kunyonga.

Kitawi hicho hakina mizizi wala majani, na kikikauka kabla ya kuungana kimekufa. Kwa hiyo hufunikwa ili kikae na unyevu. Zamani watu walitumia mifuko ya nailoni. Tangu ipigwe marufuku mwaka 2017 sisi twakata chupa nyeupe ya maji na kuigeuza juu ya mche kama kofia. Weka kivulini. Baada ya majuma mawili au matatu utaona macho yamevimba na kuanza kuchipua. Fungua kofia saa moja leo, saa mbili kesho, mpaka uzoee hewa. Na kila chipukizi litokalo chini ya kiungo, litoe upesi. Hilo ni la njano, nalo lina nguvu kumshinda mgeni aliye juu yake.

Tusidanganyane: mara ya kwanza tulipandikiza 20, zikashika 7. Kisu chetu kilikuwa kibutu, kazi yenyewe tuliifanya mchana wa jua, tena kwa haraka kwa sababu kulikuwa na mazishi saa nane. Mwenzetu wa nyumbani alichukua kile kisu, akakinoa, akaanza kufanya kazi saa kumi na mbili asubuhi, na zake zilishika karibu zote. Tangu hapo sisi kazi yetu ni kuchota udongo.

Mche ukifika urefu wa futi moja juu ya kiungo waweza kuhamishwa. Usiupande katika shimo la ule uliokufa. Chimba shimo la futi mbili kila upande mahali pengine, pasipotuama maji, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, na kati ya mche na mche acha hatua tatu kubwa. Kiungo kibaki juu, mbali na udongo. Hapa ndipo wengi huharibu. Baada ya kuhangaika hivyo vyote, huja wakafukia udongo mpaka kwenye kiungo ili mche usimame imara. Sehemu ya zambarau ikigusa udongo hutoa mizizi yake, na kuvu hupata mlango ule ule wa zamani. Ndiyo sababu ya kukata kwa futi moja.

Mmea huu hupanda, haujisimamii. Ukiwa na ua wa waya, vema. La sivyo simamisha nguzo mbili na unyoshe waya juu, kimo cha mtu. Funga kamba kutoka waya hadi kwenye mche, uache shina moja lipande, ukiondoa vichipukizi vya kando. Likifika kwenye waya, kata ncha, liote mikono miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kutoka mikono hiyo matawi yatashuka kama pazia. Yanayofika karibu na ardhi yakate, yabaki shubiri moja juu. Na kumbuka kwamba pasheni huzaa kwenye tawi jipya tu. Tawi lililokwisha kuzaa halitazaa tena mahali pale pale. Wako watu wanaoogopa kukata, wanaona huruma. Matokeo yake ni kichaka, hewa haipiti, na madoa ya kahawia hula majani na matunda.

Maua ya ile ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga karibu na adhuhuri. Amka mapema siku moja ulitazame moja kwa makini, kwa sababu lina historia ambayo jina lake limeificha. Wamisionari Wahispania waliolikuta Amerika ya Kusini walisimama mbele yake wakashangaa. Waliona duara ya nyuzi nyembamba katikati, wakasema ni taji la miiba. Waliona vichwa vitano vya chavua, wakahesabu majeraha matano. Juu kabisa kuna vijiti vitatu vyenye vichwa, wakasema ni misumari. Petali na vikombe vyake ni kumi, nao wakawahesabu Mitume, wakimtoa Petro aliyekana na Yuda aliyesaliti. Hata vile vikono vyembamba vinavyojizungushia waya waliviita mijeledi. Mwanzoni mwa karne ya 17 habari hizo zilikuwa zimefika Roma na kuandikwa vitabuni. Ndipo likaitwa ua la Mateso, na tunda likafuata jina la ua. Watoto wetu wanaposema "pasheni" sokoni, neno walisemalo ni Mateso ya Bwana wetu, wala hawajui. Sisi hatudai kwamba ua liliumbwa kuwa picha ya Kalvari. Mtu akitafuta misumari ataiona hata kwenye ua la boga. Lakini tangu tuijue habari hii, hatuwezi kupita pale asubuhi ya Ijumaa Kuu kama tulivyokuwa tukipita.

Wageni wa ua hilo ni nyuki, hasa yule mkubwa mweusi atoboaye mbao za paa, ambaye watu humwua kwa sababu ya shimo lake. Mwacheni. Pasheni ya zambarau yaweza kujizalisha kwa chavua yake yenyewe, lakini akipita yeye mazao huongezeka. Na ile ya njano bila yeye, na bila mmea wa pili wa aina nyingine karibu, haizai kitu cha maana.

Iko adui mmoja zaidi ambaye mzizi wa njano haumzuii, nao ni ugonjwa wa virusi. Majani huwa na mabaka ya kijani na manjano, hujikunja, na matunda huwa madogo, magumu kama kipande cha mti, ganda nene na ndani hamna kitu. Huletwa na vidukari, na pia na kisu chako mwenyewe ukitoka kukata mmea mgonjwa kwenda mzima bila kukisafisha. Ukiuona, ng'oa mmea na uuchome siku hiyo hiyo. Mtu husema, "Ngoja nivune haya machache kwanza." Wakati anangoja, vidukari hawangoji. Na usikate kitawi cha kupandikiza kwenye mmea ambao hujauona ukizaa. Mkosi wa mama utaupeleka kwa watoto wote.

Kuvuna ni rahisi kuliko yote. Tunda lililoiva huanguka lenyewe, kiasi cha siku 70 au 80 tangu ua. Okota kila asubuhi, kabla ya kuku na mchwa. Likikunjana ganda kidogo halijaharibika, limezidi utamu. Mabichi yasichumwe na watoto, kwa kuwa yana sumu ndani yake kama mihogo michungu. Mmea uliopandikizwa huanza kuzaa mwezi wa tisa au karibu mwaka, nao hudumu miaka mitatu hivi kabla ya kuchoka. Mimea miwili yetu ya sasa hutupa kikapu kimoja kwa juma katika msimu wake. Hakuna atakayejenga nyumba kwa kikapu hicho, ila sukari twanunua kidogo zaidi na soda hatununui kabisa.

Sasa habari za deni. Tulikwenda nyumba kwa nyumba tukasema wazi kwamba tuliwaletea ugonjwa, na kwamba tutalipa mche kwa mche. Haikuwa safari tamu. Mzee mmoja alitucheka, akasema amekwisha panda parachichi pale na hataki tena zawadi ya kanisa. Alikuwa na haki. Na parachichi lake limestawi. Wengine walisema, "Mambo ya Mungu hayo, Mchungaji, usijali." Tukawaambia hapana, ilikuwa kazi ya makopo yetu.

Yule mama mjane alitungojea langoni na karai la maji. Alituagiza tuoshe jembe kwanza, kisha viatu, ndipo tuingie. Tukaosha. Mahali pa mche mpya alikuwa amekwisha kupachagua mwenyewe, ng'ambo ya maboga, juu kidogo, ambapo maji ya mvua kutoka penye ule uliokufa hayawezi kufika. Hilo hatukuwa tumemwambia. Mwezi uliopita alileta kanisani pasheni 22 katika kikapu, baada ya kuzihesabu mbele yetu.

Hadi leo tumelipa miche 30, ukiacha ile ya yule mzee. Barua ya Askofu ya kutuhamisha yaweza kuja wakati wowote, kama mjuavyo desturi yetu, kwa hiyo ile 9 iliyobaki tumeipanga kivulini nyuma ya kanisa, na kila kopo limeandikwa jina la nyumba yake kwa rangi, ili hata atakayekuja baada yetu ajue ni ya nani. Wakati wetu umekwisha. Kwaherini.